Kila Kijiji na Mji Wake wa Marekani

Nilivua aproni mwezi uliopita, na meneja kaniomba niwaachie nyinyi mnaoingia jikoni sasa maneno mawili matatu ya miaka yangu pale. Nikamwambia, mie skuli nilisoma mpaka darasa la nne, kule Pemba, tena hilo la nne nusu nililisoma na nusu nikalea wadogo zangu. Akasema haidhuru. Basi haya. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu watatu kati yenu ni wa kwetu, na kwa sababu Kiingereza changu ni cha mdomoni, nikikitia kwenye karatasi kinakimbia. Asiyejua Kiswahili atasomewa na mwenzake. Mambo ya vyeo nayaruka. Niliingia muosha vyombo, nikatoka mpishi, na hapo katikati hakuna hadithi.

Jiko lenyewe mnalijua. Liko nyuma ya ukumbi, hapa Tottenham, na lile dirisha la kupakulia linatazama meza. Jumanne na Ijumaa wazee wa Kiairishi wanakuja kula chakula cha mchana. Wengi wao walifika London wakiwa vijana, wanaume kuchimba barabara, wanawake kuuguza wagonjwa, na sasa wao ndio wa kushikwa mkono kushuka kwenye minibasi.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Bi Breda, mpishi mkuu, mtu wa Mayo, magharibi ya Ayalandi. Mwanamke mfupi, mikono kama ya seremala. Akanionyesha magunia mawili ya mbatata, hivi viazi vya kizungu, akaniambia nizitie motoni, akatoka kwenda kupokea mkate. Mie nikasema moyoni, leo nitaonyesha kazi. Nikakaa juu ya ndoo nikazimenya zote. Zikawa nyeupe, zinang'aa kama mayai. Aliporudi alisimama mlangoni na mikate mikononi, akaangalia sufuria, akaangalia ndoo ya maganda.

"Nani kazivua nguo mbatata zangu?"

"Mie, Bi Breda. Kwetu mbatata humenywa kwanza."

"Hapa tunazichemsha na ngozi zake, na mzee anajimenyea mwenyewe mezani. Unajua kwa nini?"

"Sijui."

"Kwa sababu kumenya mbatata ndiyo kazi ya mwisho waliyobakiwa nayo. Leo umewafukuza kazi watu arubaini."

Nilidhani ananitania. Kumbe saa saba wazee wanashika visu, wanatazama zile mbatata zangu tupu, hawajui waanzie wapi. Mmoja aliishika moja akaigeuza akaigeuza, akairudisha kwenye sahani. Sijasahau. Kwa hiyo nyinyi msiniletee habari ya mashine ya kumenya.

Siku ya pili nikamwambia nyama ya nguruwe mie siigusi. Nikangoja kufukuzwa. Akasema, "Nani kakwambia nitakuachia uniharibie?" Sufuria za nguruwe zikawa zile zenye mikono myekundu, zake peke yake, na sponji yake. Na Ijumaa, kwa kuwa wazee wale wa zamani siku hiyo hawali nyama, wanakula samaki, Ijumaa ikawa yangu. Nikiwakaangia samaki mpaka watu wa barabarani wanachungulia. Hayo si majivuno. Ndiyo, ni majivuno.

Breda hakunifundisha kupika, alinifundisha kutazama. Mwenye mkono unaotetemeka mpe chai nusu kikombe mara mbili, usimpe kikombe kizima mara moja. Asiyesikia msimamie mbele ya uso, usimpigie kelele kutoka nyuma akashtuka akamwaga supu. Sahani zipashwe moto, maana mzee anakula polepole na chakula cha baridi kinamkumbusha kwamba anakula polepole. Na sahani ikirudi imejaa, usiitupe. Ishike mkononi, toka nayo, kamuulize mwenyewe.

Kulikuwa na wagumu. Mzee mmoja alikuwa akitia mbatata mfukoni, si kwa njaa, kwa mbwa wake, na mbwa alishakufa zamani. Tulikuwa tunampa mfuko wa karatasi. Bibi mwingine hakai meza moja na watu wa kaunti fulani kwa ajili ya mpira, miaka kumi na moja, mpaka nikahamisha hita ya umeme pembeni kwa adui zake, baridi ikampatanisha. Lakini kesi ninayotaka kuwaandikia khasa ni ya Bi Nora, nayo ilianza kwa sahani iliyorudi imejaa.

Hii ni juzi tu, miaka miwili nyuma. Breda alishastaafu, alishaniachia jiko na kisu chake, na mwenyewe alikuwa anakuja kama mgeni, anakaa meza ya kwanza na kunikosoa chumvi. Bi Nora alikuwa na miaka themanini na sita. Nesi mstaafu, mrefu, nywele zimelala vizuri, koti jema, vifungo vyote. Mtu wa maneno machache. Samaki wangu alikuwa habakishi hata mwiba. Ijumaa moja sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Nikafuta mikono, nikatoka nayo.

"Bi Nora, samaki wangu ana nini leo?"

"Samaki hana kitu, kipenzi."

"Basi nani ana kitu?"

 Mie nikavuta kiti nikakaa. Wenye kungojea chai wangoje.

"Leo kaka yangu anatimiza miaka tisini na moja," akasema. "Kama yu hai."

"Hujui?"

"Sijui."

Yakatoka kidogo kidogo. Walikuwa wawili tu, yeye na kaka yake, Denis Sullivan. Denis alikwenda Marekani akiwa kijana, yeye akaja London kuuguza. Barua za kaka zilikuwa zikienda kwa mama yao, kijijini. Mama akafa. Denis hakuja mazikoni. Bi Nora alimzika mama peke yake, na kwa hasira ya siku ile akaandika barua: wewe si kaka yangu, usiniandikie tena. Anwani hata hakuiangalia. Alimpa shangazi yake aitie kwenye bahasha pamoja na ya kwake. Halafu akazichukua barua zote za Denis alizokuwa nazo mama akazitia motoni. Na Denis alitii. Hakuandika tena.

"Baadaye nikaja kujua alikuwa kavunjika miguu yote miwili," Bi Nora akasema. "Alikuwa hospitali. Shangazi aliniambia, lakini alikuwa mgonjwa mwenyewe, na akafa. Mimi nikaona haya. Mwaka ukapita, ukapita mwingine. Haya ikizeeka inakuwa ngumu zaidi, Zuwena."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kumwambia nilikosea. Basi. Akitaka anitukane. Lakini siujui hata mji."

Miaka hamsini na nane bila neno! Mie nina wajukuu tisa, mkubwa ni daktari wa meno kama mnataka kujua, na hata kama hamtaki, na kati yao wakinuniana siku mbili mie silali. Nikamwambia, "Kula samaki wako. Tutamtafuta."

Nilivyosema vile nilikuwa sijui chochote kuhusu Marekani. Nilijua ni kubwa.

Tukamwita Terry, dereva wa minibasi. Mzaliwa wa hapa London, mjuzi wa simu, hawezi kukaa dakika mbili bila kuitazama. Bi Nora alikuwa anakumbuka barua moja tu kwa macho yake, ile ya kwanza, Denis aliposhuka kwenye meli. Ilitoka Boston. Basi Terry, na meneja, na kila mtu mwenye akili akasema Boston. Waairishi wa Marekani si wako Boston? Terry akaiuliza simu habari za Denis Sullivan wa Boston. Mama yangu! Yakamwagika majina kama bomba limepasuka. Wiki mbili Terry anapiga simu kila akimaliza kuwashusha wazee. Akampata Denis polisi, Denis muoka mikate, na Denis mmoja aliyekuwa padri akamwambia asimpigie tena wakati wa ibada. Hakuna mwenye dada Nora.

Bi Nora akaanza kusema tuache. Akawa halali, kila simu ya Terry ilikuwa inampandisha na kumshusha kama lifti mbovu. Nikaona tutamuua kabla hatujampata kaka.

Jibu nililipata kwenye sinki. Mambo yangu mengi nimeyapata kwenye sinki. Nilikuwa nasugua treya ya samaki nikawa najiuliza, hivi mie kwa nini niko Tottenham? London yote hii! Niko Tottenham kwa sababu binamu wa marehemu mume wangu alikuwa na chumba Tottenham, na yeye alimfuata mtu wa kijijini aliyemtangulia. Mtaa wa pili kutoka kwangu kuna nyumba sita za kijiji kimoja. Mtu akiuliza Wazanzibari wa Uingereza wanakaa wapi, atatumwa pembe zote za nchi mpaka viatu viishe. Akiuliza watu wa kijiji chetu walikwenda wapi, ataletwa mpaka mlangoni kwangu na chai atapewa. Hakuna mtu anayehamia nchi. Mtu anahamia kwa fulani.

Nikaitupa ile sponji kwenye maji, povu likaniruka usoni.

Jumanne iliyofuata sikuandika menyu kwenye lile bao jeusi. Nililifuta likawa safi, nikalibeba mpaka katikati ya ukumbi, nikaliegemeza kwenye kiti. Nikagonga sufuria kwa upawa.

"Wazee wangu! Leo hamli mpaka mnijibu. Watu wa kijiji chako walikwenda mji gani Marekani? Sikuulizeni Waairishi. Nauliza watu wa kijiji chako wewe."

Ukumbi ukalipuka. Wallahi sijaona kitu kama kile. Watu ambao kwa miaka walikuwa wanasema "asante" na "chumvi" tu, wamesimama kwa fimbo zao wanapiga kelele.

"Achill! Watu wa kisiwa cha Achill wote wako Cleveland!"

"Na wengine wa Mayo wako Scranton, kwenye makaa ya mawe," akasema Breda, na chaki kashaninyang'anya, maana tahajia yangu aliijua. "Shangazi zangu watatu. Walikuwa wakirudi likizo na kofia, wanatuangalia kama kuku."

"Wa Connemara, South Boston. Na Portland, kule Maine."

"Nyinyi wa Connemara mlikwenda kila pahala penye mvua."

"Na nyinyi wa Kerry?"

"Springfield, Massachusetts! Kuna mtaa huko bibi yangu aliwajua watu wake nyumba kwa nyumba, na hajawahi kutoka kijijini!"

Bibi mmoja wa Wexford akasema Savannah, kwenye joto, na wenzake wakamcheka kwamba ndiyo maana wa kwao wote waliungua pua. Mzee wa Donegal, mtu wa kisiwa, akasema wa kisiwani kwao walivuka bahari yote ile, wakafika Michigan, wakatafuta kisiwa kingine ziwani wakakaa. "Hatukuweza kulala bila maji pande zote," akasema. Mie mtu wa kisiwa nikamwelewa kabisa.

Bao likajaa. Upande huu kijiji, upande ule mji. Mimi nimesimama na upawa, supu nyuma yangu inachemka hakuna anayeijali. Nikamgeukia Bi Nora. Alikuwa kakaa wima, mikono juu ya mkoba.

"Na nyinyi, Bi Nora? Kijijini kwenu wanaume walikuwa wanafanya kazi gani?"

"Sisi tuko rasi ya Beara, mwisho kabisa wa kaunti ya Cork. Zamani za babu yangu palikuwa na machimbo ya shaba. Yalifungwa. Wakaondoka."

"Shaba!" akasema mzee Jerry, mdomo umejaa mkate. Jerry ni mtu wa Cork, alichimba mahandaki ya treni za chini maisha yake yote, na kwenye ukumbi huwa anasinzia. "Mwanamke, kwa nini hukusema shaba? Wachimba shaba wa Beara wote walikwenda Butte. Butte, Montana. Walikuwa wanapanda meli hawajui Dublin iko upande gani, lakini Butte wanaijua mtaa kwa mtaa. Boston walishuka kupanda treni tu."

Bi Nora akaweka mkono kifuani. "Butte," akasema. "Hilo ndilo lililokuwa juu ya bahasha za mama. Herufi tano. Niliziona wakati nazitia motoni, zikanitoka kichwani."

"Kulikuwa na baridi kwenye barua zake?" Jerry akauliza.

"Theluji mwezi wa tano. Na mama alinihadithia kwamba Denis anashuka chini ya ardhi na mkate uliokunjwa, ndani nyama na mbatata."

"Ndiyo hiyo, ndiyo hiyo! Chakula cha mchimbaji. Unaukunja, unautia mfukoni, mchana bado una joto."

"Sambusa la mtu mzima," nikasema.

Breda akaandika BEARA, akaandika BUTTE, akapiga mstari chini yake mpaka chaki ikakatika. Siku ile tulikula saa nane na nusu, na hakuna aliyelalamika kwamba kabichi ilikuwa imelainika mno. Hata Breda.

Terry akatuambia kule wako nyuma yetu kwa saa saba, tukipiga mchana tutawaamsha. Basi tukangoja Ijumaa, saa kumi. Ukumbi hufungwa saa tisa, mnajua. Saa tisa hakuna aliyetafuta koti. Meneja akaja na funguo zake, akaona watu arubaini wamekaa kimya wanatazama simu ya Terry juu ya meza, akavuta kiti na yeye. Nilishaiambia simu itutafutie ukumbi wa Waairishi wa Butte, namba ikaja. Mie nikasema nitazungumza mie. Bi Nora sauti ilikuwa haitoki.

Terry akaweka spika wote wasikie. Akapokea mwanamke, sauti ya furaha, nyuma yake vyombo vinagongana. Nikasema moyoni, na huyu ni mtu wa jikoni mwenzangu. Nikamweleza. Natafuta Denis Sullivan, katoka Beara, sasa ana miaka tisini na moja.

Akacheka. "Mama, hapa ukirusha jiwe utampiga Sullivan, na likiruka juu litamwangukia Denis. Yupi?"

"Wa Beara."

"Wote wa Beara!"

Wazee wakaguna. Terry akashika kichwa. Lakini mie, kwa hilo, sikushtuka hata kidogo. Kwetu Pemba ukiingia kijijini ukamuuliza Ali bin Juma utaletewa Ali kumi na mbili, wote wamevaa kanzu. Hakuna anayemtafuta mtu kwa jina la skuli. Nikaziba simu kwa kiganja.

"Bi Nora, majina yenu kijijini yanafanana yote?"

"Nusu ya rasi ni Sullivan."

"Basi mlikuwa mnatofautishwaje? Ukoo wenu ulikuwa unaitwaje kisimani, si kwenye karatasi?"

Akawa mwekundu, tangu shingo mpaka masikio. "Hilo silisemi."

"Bi Nora."

"Nimekaa London miaka sitini na kitu, Zuwena, hakuna anayelijua. Mume wangu amekufa halijui."

"Sasa utachagua. Ukae na heshima yako, au umpate kaka."

Akautazama ukumbi, wale watu wote. Akafunga macho.

"Bata," akasema. "Sisi ni Sullivan wa Bata. Babu alikwenda kanisani siku ya Pasaka na bata ndani ya koti, na bata akajibu sala."

Hakuna aliyecheka. Nawahadithia ukweli, hakuna, ila Jerry alikohoa sana. Nikaondoa kiganja.

"Denis wa Bata," nikasema.

Kule upande wa pili mwanamke akapiga ukelele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. "DENIS BATA! Kwa nini hukusema tangu mwanzo? Denis Bata yuko nyumba ya wazee hapo juu kilimani! Jumapili alikuwa hapa, kamaliza supu yangu!"

Ukumbi mzima ukasimama, hata wasiosimama. Breda akanikumbatia na mikono yake ya seremala mpaka mbavu zikalia. Mzee wa Donegal akapiga meza kwa fimbo. Terry, mwanamme mzima, anajipangusa macho kwa kofia. Mie naruka na magoti yangu haya. Tukapanga: binti yake Denis, jina lake Maureen, atatupigia Jumanne, saa kumi yetu, akiwa na baba yake.

Bi Nora peke yake ndiye alikuwa kakaa. Nikamwinamia.

"Yu hai, Bi Nora."

"Nimesikia," akasema. "Sasa itabidi niseme."

Jumanne alikuja katengeneza nywele, na koti jingine ambalo sijaliona kabla. Hakula, nami sikumlazimisha. Akaniomba jambo moja. Hataki kusema mbele ya watu. Yale ya bata yanatosha. Anataka azungumze jikoni, mlango umefungwa, mimi tu niwepo, kwa sababu simu ya Terry haijui. Nikamwekea kiti karibu na oveni penye joto. Nikafunga mlango, nikashusha lile pazia la bati la dirisha la kupakulia. Kule ukumbini saa tisa ilishapita na hakuna aliyeondoka, walikuwa wanakula keki na kastadi, na najua nusu yao walikuwa wameshasogeza viti.

Saa kumi na dakika mbili simu ikalia. Nikabonyeza spika, nikaiweka kwenye mapaja yake.

"Bi Nora? Mimi Maureen," ikasema sauti ya mwanamke. "Shangazi, baba yuko hapa. Lakini siku hizi hasikii vizuri. Itabidi upaze sauti."

 Vidole vya Bi Nora vilikuwa vimeshika kifungo cha koti.

"Denis," akasema. "Ni mimi Nora. Nimekuja kukuomba unisamehe."

 Ikaja sauti ya mzee, nzito, imekwaruzika, lakini kila mtu angeitambua, maana ilikuwa ya Bi Nora mwenyewe iliyotiwa kokoto. "Eh?"

"Nasema unisamehe, Denis. Kwa ile barua."

"Eh? Sauti!"

Bi Nora akanitazama. Akatazama pazia la bati. Nesi mzima, mwanamke ambaye hajawahi kuomba hata kijiko kwa sauti. Akasimama, simu mkononi, akavuta pumzi mpaka vifungo vikakaza.

"NISAMEHE, DENIS! NILIKOSEA! SIKUJUA MIGUU YAKO IMEVUNJIKA! NISAMEHE!"

Lile pazia la bati likatetemeka. Kule nje vijiko vyote vilikoma kwa pamoja. Niliweza kusikia friji. Bi Nora kasimama, machozi yanamtiririka, na simu haisemi kitu, haisemi kitu, mpaka nikadhani laini imekatika nikanyoosha mkono.

"Nilikusikia mara ya kwanza, Nora," akasema Denis. "Lakini nimengoja muda mrefu. Nikaona bora nisikie na ya pili, na ya tatu."

Bi Nora akafungua mdomo. Akamwita neno moja la Kiairishi, neno ambalo sikuhitaji kufasiriwa, na kule Montana mzee akacheka mpaka akapaliwa, na huyu wa hapa akaketi tena karibu na oveni, anacheka na kulia pamoja, akaanza, "Sasa niambie, miguu ilipona?"

Jiko lile nilikuwa sijawahi kumwachia mtu. Nikachukua birika la chai, nikatoka, nikawafungia mlango.